Tulikwenda Kubisha Hodi Masaka

Tangu nirudi mmenijia mmoja mmoja, kila mtu na swali lake. Huyu anataka kujua kama barabara ya Biharamulo kweli ina majambazi, yule anauliza Waganda walitupikia nini, na mwenzetu Mhaya anataka tu kuicheka habari ya kahawa, ambayo sijui amepenyezewa na nani. Nimechoka kusimulia vipande. Naandika mara moja, mpokezane kusoma, na mkimaliza mnirudishie daftari langu.

Habari za nauli, vibali na picha za pasi naziruka. Zinachosha hata kuzikumbuka.

Chanzo mnakijua nusu tu. Binti yangu Kabula yuko kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya samaki, vile vilivyoota kandokando ya ziwa tangu biashara ifunguliwe na sisi wa kinu cha pamba turudishwe nyumbani. Huko alikutana na Kizito, fundi wa majokofu kutoka Uganda. Kijana ana adabu na anapenda kazi, nami sikuwa na neno juu yake. Tulikaa tukingoja wazazi wake waje Ilemela kuposa, kwa sababu mwenye kijana ndiye anayetoka kwake kwenda kwa mwenye binti. Hilo hata mtoto wa kwetu analijua.

Badala yake alikuja Kizito peke yake, ameinamisha kichwa. Baba yake, Mzee Semakula wa Masaka, baharia wa zamani, alikuwa ameapa kutokanyaga Tanzania. "Anasema wakati wa vita Watanzania waliingia kwake bila kubisha hodi," Kizito alisema. "Kama wanataka undugu naye, safari hii waje wabishe." Na bila baraka za baba yake, Kizito hangeoa.

Nilifoka, sikatai. Nilisema sisi tuliingia kwao kwa sababu wao ndio walianza kuingia kwetu Kagera, na kwamba nduli wao hakubisha hodi kwa mtu. Kabula aliacha kula chakula cha jioni, akawa anakwenda kazini na kurudi kama mtu anayetembea usingizini. Redioni kila wiki nilisikia marais wetu watatu wa Afrika Mashariki wamekutana tena na kupeana mikono, huku mimi nimekaa kwenye kiti changu nagoma juu ya nani aanze kwenda kwa nani. Niliona aibu, lakini aibu yenyewe ilinizidishia ukaidi.

Aliyekata shauri ni dada yangu Minza. Harusi ya kwetu haiendi bila neno la shangazi, na mimi nilitegemea aseme hapana. Mtoto wake wa pekee alikwenda na mgambo kwenye vita ile na hakurudi. Tulianua matanga bila maiti. Mimi nilikwenda vita hiyohiyo nikarudi mzima, na katika miaka karibu ishirini dada yangu hajanilaumu kwa hilo hata siku moja, jambo ambalo ni zito kuliko lawama.

"Shija," aliniambia, "tutakwenda. Nataka kuiona hiyo nchi."

Kamanga

Kizito alitangulia siku mbili kabla yetu. Sisi tulikwenda kungoja kivuko cha Kamanga asubuhi, dada na kapu lake la samaki wa kubanika, mimi na begi lenye shati la Jumapili. Kivuko kilikuwa ng'ambo, injini imegoma. Tulikaa juu ya mawe mpaka saa sita. Mama mmoja alikuwa anakaanga mapanki, yale mabaki ya samaki yenye vichwa yanayotoka viwandani baada ya minofu kupelekwa Ulaya. Nilinunua nikamgawia dada, akayageuza mkononi.

"Zamani tulikula samaki mzima," alisema.

"Kula, dada. Mkwe wako ndiye anayegandisha hiyo minofu."

"Bado hajawa mkwe wangu," alijibu, na akala.

Tulipovuka, jua lilikuwa limekaza, na basi la Geita lilikuwa limetuacha. Tulipata nafasi juu ya lori la magunia ya mihogo. Mwanamke wa umri wa dada yangu juu ya magunia mtamwonea huruma, lakini yeye alijifunga kanga kichwani na kulala, nami nilibaki nimeshika kamba roho mkononi.

Geita hadi Biharamulo

Geita tulipata basi siku ya pili. Limejaa vijana wa machimbo wenye matope mpaka kwenye nyusi, na kila mmoja anazungumza habari ya dhahabu aliyoikosa jana. Kabla ya kuingia msituni tulisimamishwa kungoja msafara. Magari hayakuruhusiwa kupita pale moja moja. Yalikusanywa, yakapewa askari wawili wenye bunduki, ndipo yakaondoka kwa pamoja. Tulingoja saa nne. Anayeuliza habari ya majambazi ajue kwamba hatukumwona hata mmoja, ila tuliona vumbi la magari kumi na moja lililokuwa mbele yetu, na tulilila lote.

Basi letu lilivunjika springi tukiwa tumeukaribia mji. Tulilala palepale na kuamka palepale. Utingo alikwenda kutafuta chuma akarudi saa nane mchana. Kufikia hapo siku tuliyopatana na Kizito kukutana Masaka ilikuwa imeshapita, na hatukuwa na njia ya kumpelekea habari. Nilianza kusema turudi. Nilisema hiyo yote ni dalili, kwamba safari isiyotakiwa haiendi.

"Safari inakwenda," dada alisema. "Springi ndiyo iliyovunjika."

Daraja la Kyaka

Kutoka Bukoba tulipanda basi la mpakani. Migomba kushoto, migomba kulia, na nyumba zimejificha humo ndani. Barabara ile niliijua. Nilipita humo juu ya lori la jeshi nikiwa na shoka, sururu na bunduki ambayo nilikuwa nimefundishwa wiki sita.

Tulipolikaribia daraja la Mto Kagera dada aliniuliza kama ndipo vijana wetu walipovukia. Nikasema ndipo, ila daraja la zamani lilivunjwa na askari wa nduli, na sisi tulivuka kwa daraja la kuelea. Alisimama akamwendea dereva.

"Mwanangu, simama kidogo nishuke."

"Mama, hapa si kituo."

"Najua si kituo."

Dereva alikanyaga mafuta. Ndipo bibi mmoja wa Kihaya aliyekaa mbele alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Msimamishie mama mwenzangu. Hapa kuna watu wengi walioachwa." Basi likasimama. Dada alishuka, akakamata ukingo wa chuma, akatazama maji. Hakulia. Abiria walimngoja, hata yule aliyekuwa na kuku aliwafunika kikapuni ili wasipige kelele. Baada ya muda alirudi akakaa.

"Maji yanakwenda haraka," aliniambia.

Nilimsogezea kapu lake miguuni.

Mutukula na mbele yake

Mpaka ni kamba iliyofungwa kwenye nguzo mbili, na watu wanaoupita na baiskeli zenye ndizi kana kwamba kamba haipo. Zaidi ya hapo sina la kusema juu ya Mutukula, ila nilipokanyaga upande wa pili miguu ilikuwa mizito.

Masaka tulifika siku ya tano kasoro saa chache, karibu adhuhuri. Kizito hakuwepo, na nani angemlaumu? Nikafanya kosa langu la kwanza. Nilimwendea mwanamke muuza nyanya na kumuuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ile ya kwetu ya sokoni, anajua kwa Mzee Semakula aliyekuwa baharia? Yule mama aliziinua nyanya zake akazirudisha kapuni moja moja. Jirani yake akainuka akaenda. Nikauliza tena kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani hawanisikii. Sehemu ile ikawa kama imefagiwa.

Aliyetuokoa ni fundi viatu aliyekaa kivulini kwa ukuta. "Mzee," alisema taratibu, "Kiswahili sisi tulikisikia kwa watu wenye bunduki. Wale wa kwanza walikuja nacho, na ninyi mliokuja kuwafukuza mlikuwa nacho. Punguza sauti."

Nimezungumza lugha hii maisha yangu yote. Nilisoma nayo, niliposea nayo, nilizikia nayo wazazi wangu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali ikisikika watu wanaficha nyanya. Nilimshukuru yule fundi kwa kunong'ona, naye akatuitia vijana wawili wa baiskeli za kubeba abiria. Dada yangu, ambaye hajapanda baiskeli tangu azaliwe, alikaa upande upande nyuma ya mmoja wao na kapu lake la samaki mapajani, akatangulia mbele yangu bila kugeuka.

Kwenye mlango

Nyumba ya Mzee Semakula ni ya matofali, nzuri, imezungukwa na migomba na mibuni. Mlango wake ndio ulionishangaza. Ulikuwa wa mabati ya zamani yaliyopigiliwa kwenye mbao za masanduku. Nyumba ya namna ile haivai mlango wa namna ile.

Nilibisha. Bati lilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. "Hodi." Kimya. Nikabisha tena. "Hodi jamani." Nilisikia mtu akikohoa ndani, karibu kabisa, na nikaelewa kwamba anasikiliza. Damu ilinipanda. Dada alinishika kiwiko. Nikabisha mara ya tatu, polepole, na safari hii nilibisha kweli.

Alifungua mwenyewe. Ni mtu mrefu, mwembamba, amevaa kanzu nyeupe na koti. Alituonyesha viti kwa mkono. Kizito alikuja mbio kutoka nyuma ya nyumba, na mke wa mzee akapiga magoti kutusalimu kama wafanyavyo kwao, dada yangu naye akapiga magoti, wakawa wanasalimiana wote wawili chini. Mzee alizungumza Kiganda, na Kizito akatutafsiria: karibuni, poleni na njia, tuliwangoja siku ya ahadi.

Kisha mama alileta kikapu kidogo, saizi ya kiganja, chenye buni kavu za kahawa. Alinitolea mimi kwanza, kisha dada.

Sasa hapa mwenzetu Mhaya atulie. Mimi ni mtu wa pamba. Miaka ishirini na sita kinuni, kila msimu nimeona wakulima wakipewa mbegu, na mkulima akipewa mbegu hazitii mdomoni, anazitia mfukoni akapande. Nilidhani mzee anatupa mbegu za mibuni yake, na moyo ukalainika kidogo. Nikachukua kiasi, nikashukuru, nikatia mfuko wa koti. Dada akafunga zake kwenye pindo la kanga, vizuri kabisa, mafundo mawili.

Mama alibaki amesimama na kikapu. Mzee alimtazama, akanitazama, akageuza uso dirishani. Saa nzima ilipita, na jikoni ambako tulikuwa tumesikia vyungu, vyungu vikanyamaza. Nilimwinamia dada, nikamwambia kwa Kiswahili, kwa kuwa mzee alikuwa wa Kiganda tu, "Ametutoa kwetu siku tano nzima aje atukalie kama jiwe. Tuondoke kabla sijamwambia neno baya."

Kizito aliniomba tutoke nje. Uso wake ulikuwa umekwisha. "Baba, zile kahawa ni za kutafuna. Mgeni akiingia anapewa, anatafuna pamoja na mwenye nyumba, ndiyo dalili kwamba hana kitu moyoni. Ninyi mmezificha. Baba yangu anaona mmekuja kubisha kwa mkono tu. Amesema mpewe chakula, kisha nikusindikizeni kituoni. Habari ya Kabula imeisha."

Wenzangu, nilisimama pale kwenye mibuni. Siku tano, na binti yangu ameangushwa na mfuko wa koti. Nilirudi ndani. Nikatoa zile buni mbele ya mzee, zikiwa zimechanganyika na vumbi la Biharamulo na makombo ya tumbaku, nikatia zote mdomoni. Ni chungu, sitawadanganya. Dada akafungua fundo lake, la kwanza na la pili, akatafuna akimtazama mzee machoni.

"Nilidhani ni mbegu," nilisema. "Kwetu ni pamba, mzee. Sikukataa. Nilitaka kwenda kuzipanda."

Kizito alifungua mdomo kutafsiri, lakini baba yake alimnyamazisha kwa mkono. Na mimi, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikasema lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu, hata ninyi.

"Nilikuja huku na mgambo. Tulilala nje ya mji huu siku ya mvua, kuni zote zimelowa. Tuling'oa mlango wa nyumba ya mtu tukapikia ugali. Mwenye shoka nilikuwa mimi. Wenyewe hawakuwepo, walikuwa wamekimbia. Sijui ilikuwa nyumba ya nani."

Mzee aliutazama mlango wake wa bati. Halafu alijibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu.

"Mlango huo ulishika moto haraka?"

"Haraka sana."

"Basi si wangu. Wangu ulikuwa wa mvule, na mvule hauwaki upesi. Huo ulikuwa wa jirani." Alichukua buni mbili kutoka kikapuni, akazitafuna. "Na mimi, bwana Shija, si jiwe."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini kwenye pembe ya mdomo wake kulikuwa na kitu kama tabasamu, nacho kilikaa kidogo kabla ya kuondoka. Alituambia kwamba alifanya kazi kwenye meli za ziwani enzi za Jumuiya ile ya kwanza. Alilala Mwanza kila wiki, alikuwa na marafiki pale bandarini, na Kiswahili alijifunza kwao. Jumuiya ilipovunjika kila nchi ilishika meli zake, akarudi kwao. Kisha ikaja vita. "Nilipoona mlango wangu haupo," alisema, "nilijua waliouchukua wanazungumza kama rafiki zangu. Tangu siku hiyo sikukisema tena Kiswahili. Mbao nilikuwa na uwezo wa kununua. Sikutaka."

Dada yangu akaingilia. "Na mimi nilimtoa mtoto, mzee. Sikuuliza nani alianza. Nimekuja kukuuliza jambo moja tu: hawa wawili waishi na hasira yetu, au wasiishi nayo?"

Vyungu vilisikika tena jikoni. Tulikula ndizi zilizopikwa ndani ya majani na mchuzi wa karanga, na samaki wetu wa kubanika, ambaye mama alimsifu mpaka dada akaona haya. Baada ya kunawa, mzee alisema atakuja Mwanza na watu wake kuposa, kama inavyotakiwa, na kwamba nisimhesabie siku. Kizito alitoka nje, nikamwona akijifuta uso kwa mkono wa shati.

Nyuma ya nyumba

Asubuhi ya kuondoka dada aliuliza kama mzee alimpoteza mtu vitani. Mzee alituongoza nyuma ya nyumba, ndani ya migomba, penye makaburi ya ukoo. Moja lilikuwa la mama yake. Mizinga ilipoanza walikimbilia kinamasi, na bibi yule alifia ndani ya maji na matete. Mzee alisema tu kwamba alimzika siku ya nne, bila kumwosha kama alivyotaka.

Dada yangu alimwomba ruhusa. Mzee hakuelewa ruhusa ya nini, lakini alikubali. Dada akapiga magoti, akaanza kung'oa majani kwenye kaburi lile, jani moja moja, mpaka pembeni kote pakawa peupe. Kisha akaangua kilio. Sikuwahi kukisikia kilio kile, hata siku tulipoanua matanga. Hakuwa na kaburi la kulilia, na mtu hawezi kulilia uwanja mtupu. Mke wa Semakula alikuja akapiga magoti kando yake na kulia naye, kila mmoja kwa lugha yake.

Mzee alingoja mpaka walipotulia. Kisha aliinama akamuuliza dada yangu, "Mtoto wako alikuwa anaitwa nani?"

Sisi nyumbani tulikuwa tumeacha kulitaja jina lile. Tuliacha kwa kumhurumia, ili asilie, na mwaka ukafuata mwaka, mpaka watoto wetu wakakua bila kulijua.

"Masanja," dada alisema.

"Masanja," alisema Mzee Semakula. Halikumkaa sawa mdomoni, akalirudia tena, polepole, akimtazama dada yangu aone kama amelipata.